Sahani Hairudi Tupu

Mwezi wa nne ulipoingia, miti ya mtaa wa Graciela ilianza kupukutisha majani, na majani yalipoanza kupukutika, watu wa mtaa ule walianza kununiana. Ndivyo ilivyo Montevideo kila mwaka. Kila mwenye mlango hufagia mbele ya mlango wake, lakini upepo haujui mipaka ya nyumba. Utasikia asubuhi: "Haya ni yako." "Yangu vipi, na mti uko kwako?" Ugomvi huo huendelea mpaka baridi ya mwezi wa saba, miti ikishabaki mifupa na hakuna tena cha kugombea.

Mwaka ule Graciela hakuwa na nafasi ya kugombea majani. Mkataba wa pango wa nyumba yao ulikuwa unafika mwisho, na dalali alikuwa ameshasema bila kuzunguka. Mwenye nyumba yuko radhi waendelee kukaa, lakini mdhamini awe yule yule wa mwanzo, na aje mwenyewe ofisini kutia saini. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Asipokuja, wafungashe. Na katika mji ule, mtu asiye na mdhamini mwenye nyumba yake mwenyewe hapangishwi hata banda la njiwa, awe mwaminifu namna gani.

"Umeshaongea na dada yako?" Graciela alimuuliza mumewe.

"Nitaongea naye."

"Hiyo 'nitaongea naye' naisikia tangu sikukuu za karnivali, Milton."

Milton alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inywewayo kwa mrija, akampa mkewe mrija. Alikuwa fundi bomba, mtu mpole, wa wale ambao ukiwadai jibu wanakupa kinywaji. Graciela alifyonza mate ile mpaka kibuyu kikakoroma.

"Kama wewe unaona haya, nitamwambia mimi Jumapili."

"Hapana!" Milton alisema upesi mno. "Wewe usimwambie kitu. Yule ni dada yangu, niachie mwenyewe."

Graciela alidhani ni haya ya kiume tu, akamwachia. Haya yenyewe aliielewa. Tangu wahamie nyumba ile, kila Jumapili walikuwa wakienda kula tambi kwa wifi yake Zulma, na kila Jumapili, tambi zikishaliwa, Graciela ndiye aliyekuwa akiosha vyombo. Hakuna aliyemtuma mara ya kwanza. Aliinuka mwenyewe, kwa sababu Milton alimwambia kwamba Zulma ndiye aliyewatilia saini ya udhamini, na Graciela hakulelewa kula fadhila ya mtu mikono ikiwa mikavu. Mara ya pili alikuta aproni imeshatundikwa pembeni ya sinki, inamngoja.

*

Jumapili ile Milton alisema kuna bomba limepasuka kwa mteja. Graciela alikwenda na binti yao Romina, wa miaka kumi na mitano, ambaye njia nzima hakusema neno kwa kuwa alitaka kubaki amelala.

Nyumba ya Zulma ilikuwa ya ghorofa, na chini yake kulikuwa na duka lao la vifaa vya ujenzi. Mumewe Omar alikula sahani mbili akajiegemeza kwenye kiti, macho nusu yamefumba. Graciela alivaa aproni.

"Graciela, mpenzi, hilo sufuria kubwa usilikwangue kwa chuma," Zulma alisema nyuma yake, kikombe cha kahawa mkononi. "Limetoka Italia hilo."

"Najua, wifi. Uliniambia."

"Nilikwambia, lakini juzi nimeona mchirizi."

Graciela akabadilisha kitambaa. Alipika kwenye kantini ya shule, alikuwa ameosha masufuria mengi kuliko nywele za Zulma, lakini alinyamaza. Alipofika kwenye glasi aliona afadhali aseme, Milton apende asipende. Ijumaa haikuwa mbali, na paa la watu watatu haliwezi kungoja haya ya mtu mmoja.

"Wifi, kwanza nataka kukushukuru."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa ile saini. Miaka yote hii hujatukumbusha hata siku moja. Sasa mkataba unaisha Ijumaa, na dalali anataka uje usaini tena. Milton anaona aibu kukwambia."

Zulma aliweka kikombe mezani. "Saini gani?"

"Ya udhamini. Wa nyumba."

"Omar!" Zulma aliita. "Hebu amka. Wewe ulimsainia Milton kitu?"

"Nisaini mimi?" Omar alijibu bila kufumbua macho. "Mwanangu mwenyewe nilikataa kumsainia pikipiki."

Zulma akamgeukia Graciela, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli, bila hila yoyote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Alikuja, kweli. Nikamwambia pale pale mlangoni, sisi hatumdhamini mtu, awe ndugu, awe Baba Mtakatifu wa Roma. Nyumba hii hatukuiokota njiani. Akasema sawa, akaenda zake. Kwani hakukwambia?"

Graciela alikuwa na glasi mkononi na povu mpaka kwenye viwiko.

"Hee!" Zulma alianza kucheka. "Kumbe ulikuwa unadhani ni mimi! Omar, unasikia? Ndiyo maana mwenzetu anaosha kwa bidii hivi!"

Omar naye akacheka, tumbo likatikisika chini ya kitambaa cha mezani. Romina alikuwa mlangoni na sahani za mwisho. Aliziweka taratibu kwenye meza akamtazama mama yake.

Graciela alimaliza kuosha glasi. Akaosha na zile sahani za mwisho, akafuta sinki, akatundika aproni mahali pake. Angeweza kuviacha vyombo pale pale, lakini angeviacha ingebidi aseme kitu.

*

Milton alikuwa uani, hana bomba wala mteja, anamtazama paka akila. Aliposikia mlango ulivyofungwa, alijua.

"Nani alisaini?" Graciela aliuliza.

"Keti kwanza."

"Nimekaa kutwa nzima nikiosha masufuria ya Italia. Nani alisaini?"

Milton alielekeza kidevu kwenye ukuta mfupi uliotenganisha ua wao na wa jirani. "Doña Elvira."

"Elvira gani?"

"Kwani mtaani wako wangapi?"

Graciela sasa akaketi mwenyewe.

Doña, yaani Bi, Elvira Pintos alikuwa mjane aliyestaafu kiwanda cha nguo, mwenye nyumba yake ndogo na fagio lake refu. Zamani walielewana vizuri. Mtaa ule una desturi yake: mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, kila nyumba hukanda unga na kukaanga maandazi bapa yenye tundu katikati, wenyewe huyaita torta frita, na sahani huvuka kutoka mlango hadi mlango. Sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ikija na maandazi leo, inangoja mvua nyingine irudi na maandazi yako. Kwa hiyo sikuzote kulikuwa na sahani ya Elvira kwa Graciela, au ya Graciela kwa Elvira, na hakuna aliyejua tena ilianzia wapi.

Halafu likaja lile suala la majani. Miaka miwili nyuma, katikati ya gulio la Jumamosi, mbele ya muuza viazi na muuza jibini na nusu ya mtaa, Graciela alimwambia Doña Elvira kwamba amejifungia na nyumba yake kama kuku aliyeatamia mayai viza, kwamba hajawahi kumsaidia mtu hata kwa glasi ya maji, na kwamba siku akifa watajua kwa kuona majani hayajafagiwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama yule alishika fagio lake akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakuna sahani iliyovuka.

"Ulikuwepo," Graciela alisema. "Siku ile gulioni ulikuwa kando yangu, umebeba kikapu cha viazi."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza!"

"Yeye ndiye aliyenikataza kusema, tangu siku aliyosaini. 'Usimwambie mtu, hata mkeo,' alisema. 'Mtaa ukijua, kesho watapanga foleni mlangoni kwangu.' Nami nikaona... ungejua Zulma amenifukuza ungeniona mimi mtu gani, ambaye hata dada yake hamwamini?"

"Kwa hiyo ukaniacha nimwoshee vyombo yule na nimtukane huyu."

Milton aliinua kibuyu akakirudisha chini. Hata mate ilikuwa imepoa.

"Nilikwenda kumwomba tena mwezi uliopita," alisema baadaye. "Hakukataa. Alisema tu, 'Mkeo ana sahani yangu. Ailete mwenyewe.'"

Wote wawili wakageuka kumtazama paka. Paka yule jina lake Seneta, kwa unene na uvivu. Alikuwa amemaliza kula na sasa alikuwa analamba sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu, iliyokuwa imewekwa chini ya ukuta ule mfupi. Graciela ndiye aliyeiweka pale, kwa hasira, wiki ile ya ugomvi. Kutoka dirisha la jikoni la Doña Elvira ilionekana vizuri sana.

*

"Mpelekee keki," Milton alishauri Jumatatu. "Nenda leo yaishe."

"Sahani ilikuja na maandazi ya mvua. Itarudi na maandazi ya mvua."

"Lakini hakuna mvua!"

"Naona."

Mtu asiye wa mtaa ule angesema huu ni wazimu, na pengine ni kweli. Lakini hakuna mwanamke pale anayekaanga maandazi yale jua likiwaka. Ni sawa na kuimba nyimbo za arusi msibani. Kubisha kwa Doña Elvira na keki ya dukani kungekuwa kumwambia: nina haja na saini yako, chukua hiki upesi unipe. Kumpelekea sahani mvua ikinyesha, kama majirani wote, kungekuwa kusema jambo jingine. Angalau ndivyo Graciela alivyojiambia. Na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo kwenda bila kitu ndiyo kabisa haikuwezekana.

Basi wakangoja mvua. Jumanne anga lilikuwa safi kama kioo kilichofutwa. Jumatano pia, na upepo mkavu ukayakusanya majani ya mtaa mzima mlangoni kwao. Graciela aliyafagia yote, ya kwake na ya jirani, kabla ya kwenda kantini, na Doña Elvira alipotoka na fagio lake akakuta pasafi, akasimama kidogo, akarudi ndani.

Dalali akapiga simu. "Señora, mdhamini wenu anakuja au niwatangazie wengine? Nina watu wawili wanaitaka nyumba."

"Anakuja Ijumaa."

"Ameshakubali?"

"Anakuja," alisema Graciela, akakata simu. Milton alikuwa ameanza kuleta maboksi matupu kutoka kwa muuza matunda, anayaficha nyuma ya kabati kana kwamba mkewe hana macho.

"Utafukuzisha watu kwa ajili ya unga na maji," alimwambia usiku.

"Mimi?" Graciela alisema, na Milton akageukia ukutani.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana upepo uligeuka, ukaja na ubaridi wa mtoni. Mawingu yalipanda nyuma ya paa la kiwanda cha zamani. Graciela alikuwa kantini akikusanya sahani za watoto aliposikia matone ya kwanza kwenye bati, na wenzake wakamwona akivua kofia ya kazi kabla ya saa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Alikanda unga kwa chumvi na mafuta ya ng'ombe, akausukuma, akatoboa katikati kwa kidole. Mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kunukia mafuta ya moto. Sahani aliisugua kwa siki, kisha kwa limau, kisha kwa majivu, mpaka ukingo wa bluu ukakaribia kufutika.

"Mama," Romina alisema, "hiyo si sahani ya Seneta?"

"Ilikuwa."

"Unampelekea nani?"

"Nishikie mlango."

Kutoka mlango wao hadi wa Doña Elvira ni hatua chache tu, lakini watu walikuwa wamesimama milangoni wakitazama mvua, kama kawaida yao siku ya kwanza, na Graciela aliyapita macho yote na sahani yake chini ya kitambaa. Majani yalikuwa yameziba mfereji, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alibisha.

Doña Elvira alifungua nusu ya mlango. Alikuwa amevaa sweta la kiume na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Nimekuletea sahani yako, Doña Elvira."

"Naiona."

"Na maandazi."

"Nasikia harufu. Umetumia mafuta ya ng'ombe au ya chupa?"

"Ya ng'ombe."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, kwamba angalau hapo hakuna kosa. Hakusogea mlangoni. Mvua ilikuwa inampiga Graciela mgongoni.

"Nilikukosea," Graciela alisema. "Siku ile gulioni. Naomba unisamehe. Sikujua kama wewe ndiye uliyetusainia. Haki ya Mungu ningejua, nisingesema maneno yale."

"Usingesema."

"Hata kidogo."

Doña Elvira alimtazama muda mrefu kupitia miwani yake. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayekagua mshono.

"Kwa hiyo kama nisingesaini," alisema, "maneno yale yangenistahili?"

Graciela alishusha macho kwenye sahani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, alikuwa amejiandaa hata kwa mlango kupigwa usoni. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Alihisi uso unamwaka katikati ya baridi ile, akatamani Zulma angekuwa pale amcheke tena, maana kicheko cha Zulma kilikuwa chepesi kuliko hiki.

Doña Elvira alichukua sahani, akaingia nayo. Graciela alisikia kabati likifunguliwa, bakuli likiwekwa mezani. Aliporudi alikuwa anafuta vidole kwa sweta.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa nne. Ofisini kwa dalali."

"Nitakuja mwenyewe. Milton asije kunishikia mwavuli kama anayenisindikiza makaburini."

"Asante, Doña Elvira. Mungu akuli..."

"Nilimpa Milton neno langu, ndiyo maana naja." Akanyoosha mkono. Sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu ilikuwa mkononi mwake, imeoshwa na kukaushwa, haina kitu. "Hii mwachie paka. Ameshaizoea."

Na mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo.

Graciela alirudi kwa njia ile ile. Muuza jibini alikuwa mlangoni kwake, na mke wa mwashi, na wale dada wawili wa nyumba ya kona, na wote waliona sahani inarudi, na wote waliona inarudi vipi. Mvua ilikuwa inajaza sahani ile maji kidogo kidogo, naye hakuiinamisha kuyamwaga.

*

Ijumaa Doña Elvira alifika kabla yao. Alitia saini kila alipoonyeshwa, kwa mwandiko wa shule ya masista, na alipoulizwa uhusiano wake na wapangaji alisema, "Jirani." Milton alishukuru mpaka dalali akaanza kutazama saa. Mama yule alifunga koti lake, akasema ana mambo ya kufanya, akatoka.

Nyumbani Milton alirudisha maboksi kwa muuza matunda akipiga mluzi. Jumapili aliuliza kwa sauti ndogo kama wataenda kwa Zulma. Graciela akasema aende yeye, na asisahau aproni. Wakala tambi nyumbani, wote watatu, na vyombo akaosha Milton.

Seneta alihamishiwa kwenye kifuniko cha kopo la rangi, akasusa siku nzima. Sahani ilipanda juu ya kabati la jikoni, karibu na chumvi, mahali ambapo mtu akipika hana budi kuiona.

Jumanne mvua ilinyesha tena. Milton aliporudi kutoka kazini, amelowa mpaka kwenye soksi, alikuta kikaango kiko jikoni kinavuma, na mkewe anatoboa unga kwa kidole. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa safi.

"Unampelekea Doña Elvira?"

"Ndiyo."

"Lakini ameshasaini, mke wangu. Kila kitu kimekwisha. Unampelekea ya nini tena?"

Graciela aligeuza andazi, akangoja upande wa pili uive.

"Ndiyo maana nampelekea," alisema. "Kwa sababu ameshasaini."